Maswali ya visima: kamba kwanza, pampu baadaye

Maswali ya mwezi huu ni rundo, na nusu ni yale yale ya mwaka jana.

Maji ya kisima changu hapa Ruashi, Lubumbashi, karibu na mgodi wa shaba na kobalti, ni maangavu kabisa. Nikiyachemsha, shaba na kobalti vinatoka?

Havitoki. Moto unaua vijidudu tu. Metali inabaki sufuriani, na maji yakipungua kwa mvuke ndiyo inazidi kukolea. Peleka chupa maabara, mama. Macho hayapimi kobalti.

Kisima mita 12, choo kiko hatua sita upande wa juu. Ni sawa?

Hapana.

Nichimbe mwezi gani?

Oktoba, maji yakiwa chini kabisa. Anayechimba Machi anarudi kuchimba Septemba. Nimeandika hili hadi nimechoka.

Kwetu Luena, Katanga, wazee wanasema makaa ya mawe yakichimbwa kwa nguvu, visima vitakauka. Kweli?

Inategemea shimo litashuka mpaka wapi. Makaa ya Luena yamelala ndani ya miamba ya Karoo, yaani mawe ya kale yaliyopangana tabaka juu ya tabaka: mawe ya mchanga yanabeba maji, mawe ya udongo yanayazuia. Shimo likipita chini ya usawa wa maji ya kisima chako, mgodi utapiga pampu usiku na mchana, na maji ya pande zote yatainamia huko. Visima vifupi vinakauka kwanza.

Pampu zikizimwa, maji hupanda. Kwenye mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, mwaka 2011 pampu zilishindwa, mgodi ukafurika. Ila Kipushi kuna dolomia, jiwe linalopunguza makali ya asidi. Makaa ya mawe mara nyingi yana pirite, madini ya chuma na salfa. Ikikutana na hewa na maji inatoa asidi, na kijito kinageuka rangi ya kutu. Kwa hiyo maji yanaweza kurudi, yasiwe yale mliyoyajua.

Wazee waanze leo, kabla mashine hazijafika. Funga jiwe kwenye kamba, shusha kisimani, pima kuanzia ukingo hadi palipolowa, andika tarehe kwenye daftari la shule. Kila mwezi, kisima kile kile. Bila daftari hilo mtaambiwa ni kiangazi, na hamtakuwa na la kujibu.

Mtafuta maji wa kijiti alisema mita 40, kwa sababu jirani alipata hapo. Mimi nimefika 70, kavu!

Kama chini yenu ni dolomia, jiwe hilo hubeba maji kwenye nyufa na mapango yake. Jirani aligonga ufa, wewe umepita pembeni. Na huyo wa kijiti, papa, ulimlipa kabla au baada?