Kipimo cha siki kinaaminika? Muulize muuguzi atakutibu lini

Dada, umeuliza kama kipimo cha siki cha saratani ya mlango wa kizazi ulichoambiwa ukafanye kinaaminika, au ni kipimo cha maskini tu wakati wenzetu wa nchi tajiri wanapimwa Pap, yaani kuchukuliwa seli za mlango wa kizazi zikasomwe maabara. Umemtaja pia mama yako aliyevuka miaka 60. Mimi ni muuguzi mkunga. Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha uchunguzi wa mlango wa kizazi, nimepima kwa Pap, kwa siki, na siku hizi kwa kipimo cha HPV, virusi vinavyoleta saratani hii, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Nenda kapime. Ila kabla hujapanda kitandani, muulize muuguzi: "Ukinikuta na tatizo, utanitibu leo?" Kwangu mimi jibu la swali hilo lina uzito kuliko jina la kipimo.

Pap ni kipimo kizuri, na nchi zilizokipanga vizuri zimepunguza vifo vingi. Lakini kina safari ndefu. Seli zinapakwa kwenye kioo, zinasafirishwa, zinatiwa rangi, zinasomwa na mtaalamu wa patholojia, majibu yanarudi, mama anaitwa, kisha anapewa rufaa akachunguzwe zaidi kabla ya tiba. Watu wanapotea katika kila hatua. Kwenye kituo nilichoanzia kazi, majibu yalikuwa yanakaa kabatini na wenyewe hawapatikani: huyu kahama, yule kabadili namba ya simu, mwingine kakosa nauli. Wapo waliorudi baada ya miaka wakivuja damu, saratani imeshasambaa. Inaniuma mpaka leo, maana ugonjwa huu hutoa muda. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, mabadiliko ya awali huchukua kama miaka 15 hadi 20 kufikia saratani.

Sasa siki. Muuguzi anaweka spekulamu, kifaa cha kufungulia uke, anapaka mlango wa kizazi asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5, anasubiri dakika moja, anaangalia kwa macho na taa. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe, na jibu unalipata ukiwa bado kitandani. Doa likiwa dogo na linaonekana lote, na hakuna dalili ya saratani yenyewe, linatibiwa papo hapo kwa kugandishwa kwa baridi kali au kwa kifaa cha joto cha nyuzi 100 hivi, kinachowekwa kwa chini ya dakika moja. Utasikia maumivu kama ya hedhi. Majimaji yatatoka kwa wiki chache, na utaepuka tendo la ndoa kwa muda huo. Doa kubwa au linaloingia ndani linahitaji rufaa likakatwe.

Na usidhani hiki kipimo hakijajaribiwa. Mumbai, India, wanawake wa kawaida wenye elimu ya darasa la 10 walifundishwa kwa wiki 4 kukitumia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014, baada ya miaka 12 ya ufuatiliaji, yalionyesha vifo vya saratani hii vimepungua kwa asilimia 31 kwenye kundi lililopimwa.

Udhaifu wake ni kwamba kinategemea jicho. Wauguzi wawili wanaweza kutazama mlango mmoja wa kizazi na kutofautiana, na aliyefunzwa zamani bila kusimamiwa huanza kuona weupe kila mahali, au asiuone kabisa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2021, linashauri kipimo cha vinasaba vya HPV kiwe cha kwanza palipo na uwezo, kuanzia umri wa miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na virusi hivyo.

Kinachonifurahisha zaidi kwenye HPV ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti laini, nyuma ya pazia au nyumbani kwake. Nimewaona waliokataa spekulamu miaka yote wakikubali hili bila kubembelezwa. Kikiwepo kwenu, kichague. Ila fahamu kuwa kukutwa na HPV si kukutwa na saratani. Kwa wengi virusi huondoka vyenyewe. Na swali la tiba liko palepale: majibu yakichukua wiki, nani atakutafuta?

Kama unaishi na VVU, mwambie muuguzi, kwa sababu hatari yako ni takriban mara 6 ya mwenzako asiye navyo. Unatakiwa uanze ukiwa na miaka 25 na urudie kila baada ya miaka 3 hadi 5.

Kuhusu mama, siki haimfai. Hedhi ikishakoma, eneo tunalolitafuta hurudi ndani ya mfereji na jicho halilifikii, hivyo jibu la "uko salama" linaweza kumdanganya. Apimwe HPV au Pap. Lakini kama ameona damu yoyote ukeni, hata matone, asipange foleni ya uchunguzi wa kawaida. Mpeleke wiki hii hii kwa daktari wa magonjwa ya wanawake akachunguzwe na kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe.