Kerneli haioni kadi ya SD: anza na hizo (0,0)

Habari ndugu. Umesema bodi yako inayowaka kutoka kadi ya SD inagoma na kerneli (kiini cha Linux) mpya, ikiishia kwenye ujumbe wa "unknown-block(0,0)". Kama kadi hiyo hiyo inawaka vizuri kwa kerneli ya zamani, kadi iache. Shida iko kwenye kerneli uliyojijengea, na ule ujumbe wa "unknown-block(0,0)" umeshakuambia mengi: kifaa ulichokitaja kwenye root= (mpangilio unaoiambia kerneli mfumo wake mkuu wa faili uko wapi) hakijaonekana kabisa. Ingekuwa (179,2), yaani namba ya vifaa vya SD/MMC na kizigeu cha pili, ningesema kadi imeonekana ila mfumo wa faili ndio umeshindwa kufunguka.

Fungua menuconfig (menyu ya kuchagua vipengele vya kerneli), tafuta CONFIG_MMC, CONFIG_MMC_BLOCK na draiva ya kidhibiti cha SD cha chipu yako. Nadhani mojawapo umeiweka m, yaani moduli inayopakiwa baadaye. Moduli hukaa ndani ya mfumo wa faili ule ule ambao kerneli bado inahangaika kuufungua. Ni kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Ziweke zote y (zijengwe ndani ya kerneli yenyewe), pamoja na CONFIG_EXT4_FS ikiwa mfumo wa faili wa kadi ni ext4. Kwa initramfs (mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kwenye kumbukumbu kabla ya ule mkuu), m ingewezekana, lakini kwa bodi moja ya nini kujisumbua?

Kisha ongeza rootwait kwenye bootargs (maagizo ambayo kerneli hupewa inapowaka) ili isubiri, maana kadi huchelewa kutambuliwa. Sasa ikiganda kwenye "Waiting for root device", hujafika: ama draiva bado haipo, ama kwenye faili la DTS la bodi (maelezo ya vifaa vilivyomo), nodi ya kidhibiti hicho ina status = "disabled". Hili la pili ndilo husahaulika sana.

Bodi ikiwa na eMMC pia (hifadhi iliyobandikwa kwenye bodi), tumia root=PARTUUID= (kitambulisho cha kizigeu chenyewe), kwa kuwa majina ya vifaa mmcblk0 na mmcblk1 huweza kubadilishana.