123,456,789 si namba tasa

Dada yangu wa Wete, umeuliza vipi mwanao atajua kama 123,456,789 ni namba tasa, yaani isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, na kikokotoo hana. Ajumlishe tarakimu: atapata 45, na 45 inagawanyika kwa 9. Basi na namba yenyewe inagawanyika bila baki, jibu 13,717,421.

Lakini asikariri tu, tafadhali. Mkalishe jamvini, mpe karafuu 100, azitenge mafungu ya tisa tisa. Yatatoka mafungu 11, itabaki karafuu moja. Kwa 10 au 1,000 hubaki moja vilevile. Kwa hiyo 500 huacha 5, na 30 huacha 3. Mabaki hayo ndiyo tarakimu zenyewe, ndiyo maana tunazijumlisha!

Hiyo 13,717,421 ni 3,607 mara 3,803, zote tasa. Kuzitafuta kwa mkono ni kazi ya siku nyingine.