Aliyevua Gwanda Naye Ana Maswali

Barua za safari hii nyingi zimetoka Kigoma na kwa ndugu zetu wa Kivu. Karibu nusu yake zinauliza jambo lilelile kwa sura tofauti: aliyewahi kushika bunduki, naye anaweza kukimbia vita? Naanza na hilo.

Shikamoo wakili. Nilikuwa mwanajeshi wa FARDC, jeshi la serikali ya Kongo. Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025 nilivua gwanda, nikavuka ziwa na mke na watoto. Wenzangu wananishauri nikiitwa kwenye mahojiano niseme nilikuwa mvuvi wa dagaa. Nifanyeje?

Marahaba. Kwanza mimi si wakili, ni msaidizi wa kisheria niliyeanzia kwenye ukalimani. Nimekaa sana kwenye meza hizo, na hadithi ya kuazima huvunjika kwenye swali la tatu: mwalo gani, beseni mliuza bei gani, mbalamwezi ikiwaka mlienda ziwani au mlilala? Ukinaswa hapo, hata ya kweli uliyosema hayaaminiki tena, na mkeo na wanao wamo kwenye faili hilohilo.

Sheria haimfukuzi mtu kwa kuwa alikuwa mwanajeshi. Si Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 wala ule wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1969 unaosema hivyo. Vinavyokataliwa ni viwili. Cha kwanza ni mpiganaji ambaye bado ni mpiganaji. Mwaka 2002 Kamati Tendaji ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilikubaliana kwamba mtu wa namna hiyo asihesabiwe mwomba hifadhi mpaka mamlaka zijiridhishe kuwa ameacha vita kikweli na hana nia ya kurudi. Kwa hiyo usishangae ukitengwa na wengine kwa muda ukichunguzwa. Mkeo na wanao ni raia, na husikilizwa kama raia. Cha pili kimo kwenye kifungu cha 1F cha mkataba wa 1951: aliyetenda uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya binadamu na mengine ya uzito huo hapati hifadhi. Kuwa jeshini tu hakukuingizi humo. Utaulizwa kikosi, cheo, ulipopelekwa, ulichoamriwa na ulichofanya. Jibu vyote.

Ukali huu una historia. Kati ya 1994 na 1996, kambi za wakimbizi wa Rwanda upande wa Goma zilishikwa na wanajeshi wa zamani na Interahamwe, wanamgambo walioshiriki mauaji ya kimbari. Wao ndio waliotawala hata mgao wa chakula. Kambi ziliposhambuliwa mwaka 1996, walikufa wengi ambao hawakuwahi kushika hata panga.

Sasa utoro wako. Kuogopa adhabu ya utoro peke yake hakutoshi kukupa ukimbizi. Lakini kama ulitoroka kwa kukataa kushiriki matendo yanayolaaniwa na dunia, au kama adhabu itakuzidia kwa sababu ya kabila lako au siasa unayodhaniwa kuwa nayo, ombi lako lina miguu. Na hata wakikunyima ukimbizi, kurudishwa kwenye hatari ya kuuawa ni swali la peke yake. Machi 2024 Kinshasa iliondoa zuio la kutekeleza hukumu ya kifo, na Julai mwaka huohuo mahakama ya kijeshi huko Kivu Kaskazini iliwahukumu kifo wanajeshi 25 kwa kumkimbia adui. Taja hayo mezani.

Kidogo kuhusu lugha, maana nimeona faili zikiharibika kwa neno moja. Kwetu Tanzania "askari" ni polisi, ni mgambo, ni mlinzi wa getini kwa Mhindi, ni mwanajeshi pia. Mzee mmoja aliyelinda ghala la kahawa maisha yake yote aliandikwa "askari", ikachukua miezi kulifuta. Sema "mwanajeshi" kama ulikuwa mwanajeshi, "mlinzi" kama ulikuwa mlinzi, kisha omba usomewe ulichoandikiwa kabla ya kuweka sahihi.

Kaka yetu alikuwa Goma na jeshi. Tangu Januari 2025 simu yake haipatikani. Tuko kambi ya Nyarugusu, tumtafute wapi?

Poleni sana. Goma ilipotekwa, mamia ya wanajeshi na polisi walisalimisha silaha wakajihifadhi kwenye vituo vya MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Walikaa humo miezi mitatu. Tarehe 30 Aprili 2025 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilianza kuwasindikiza kwenda Kinshasa pamoja na familia zao. Huenda alikuwa mmoja wao.

Nendeni kwa watu wa Msalaba Mwekundu hapo kambini mfungue ombi la kutafuta ndugu. Ni bure. Pelekeni majina yake yote kama yalivyoandikwa jeshini, ya baba na mama, mahali alipozaliwa, na namba yake ya jeshi kama mnayo. Mkisikia ameshikwa na upande wa pili, mjue kifungu cha 3 cha Mikataba ya Geneva ya 1949 kinamlinda hata kama vita ni vya ndani ya nchi: aliyeweka silaha chini hauawi, hateswi, hadhalilishwi. Ila nawaomba, ile picha yake ya gwanda msiirushe Facebook. Mnaomtafuta si ninyi peke yenu.

Kuna mtu anataka laki tatu atuingize kwenye orodha ya Kanada.

Mwizi huyo. Kupelekwa nchi ya tatu hakulipiwi hata senti. Karipoti.

Mdogo wangu alichukuliwa na wanamgambo wa Mai-Mai kule Fizi, Kivu Kusini, akiwa na miaka 13. Alitoroka akiwa na 16, sasa ana 19 na yuko nami kambini. Akiyasema hayo si atafungwa?

Mwenye kesi ni aliyemchukua. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, tarehe 14 Machi 2012, ilihusu jambo hilihili: Thomas Lubanga wa Ituri alitiwa hatiani kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15, akapewa miaka 14. Mahakama hiyo haina hata mamlaka ya kumshtaki mtu kwa alichotenda kabla ya kufika miaka 18. Na Kanuni za Paris za 2007, kuhusu watoto walioingizwa vitani, zinasema mtoto wa namna hiyo atazamwe kwanza kama aliyetendewa.

Kwa hiyo aseme: alichukuliwaje, alilazimishwa nini, alitorokaje. Hasa umri, maana kijana wa 19 mwenye ndevu mezani hafanani na mtoto wa 13, na anayemhoji ni binadamu. Cheti cha shule, kadi ya kliniki, hata jirani anayekumbuka mwaka aliobatizwa, vyote vinasaidia.

Nanyi wenye dada waliopitia huko: kadogo, yaani mtoto aliyeingizwa jeshini, si wa kiume tu. Wasichana wengi hawajitaji kwa kuwa walipika na kubeba mizigo, au walifanywa "wake" wa makamanda, bila kupewa bunduki. Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi wa Ituri aliyehukumiwa na mahakama hiyohiyo miaka 30 mwaka 2019, alitiwa hatiani pia kwa ubakaji na utumwa wa ngono waliofanyiwa watoto wa jeshi lake mwenyewe.

Sisi ni Warundi, tuko kambi mojawapo ya Kigoma. Kila mkutano tunaambiwa turudi kwetu, na soko limefungwa. Tukikataa?

Kifungu cha 5 cha mkataba wa OAU kinataka mkimbizi arudi kwa hiari, na hiari inayotafutwa kwa kufunga soko sijui tuiite nini. Hata hivyo, hadhi ya ukimbizi inaweza kukoma hali ya nyumbani ikibadilika. Kambi ya Mtabila ilifungwa 2012 kwa njia hiyo, lakini waliohojiwa na kuonekana bado wanahitaji ulinzi walihamishiwa Nyarugusu. Basi kila familia iwe na sababu zake, zimeandikwa kwa tarehe na majina, na iombe kusikilizwa peke yake. Fomu ya kurudi msiisaini kwa hasira wala kwa njaa.

Mume wangu ni mwanajeshi, alikwenda Kongo kulinda amani. Tangu arudi halali, mlango ukigongwa anaruka. Mwezi uliopita alinipiga. Naogopa kusema, asije akafukuzwa kazi.

Dada, hapa kuna mambo mawili, usiyafunge kamba moja. Ugonjwa wake ni wa kweli. Tarehe 7 Desemba 2017 pale Semuliki, kituo cha walinda amani huko Kongo, waliuawa Watanzania wasiopungua 14 kwa shambulio moja, na waliobaki hai walirudi na usiku ule vichwani. Desemba 2022 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2668 kuhusu afya ya akili ya walinda amani, hivyo kutibiwa si hisani wala si uoga. Mganga wa kikosi ndiye mlango wa kwanza. Akikataa kwenda, mtafute rafiki aliyekuwa naye kule amsindikize, si shemeji wala mchungaji.

Kipigo nacho kina mlango wake, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kwenda kueleza hakumfukuzi mtu kazi siku hiyo. Usiku akiamka akipiga kelele usimshike, washa taa na umwite jina ukiwa mbali kidogo. Watoto walale chumba kingine.