Ukuta wa kijani na sofa za damu ya mzee

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Magoti ya baba yako yamepata nafuu, na ule mpilipili ulioupanda nyuma ya jiko umezaa mpaka unainama.

Umeniuliza kama kweli nyekundu na kijani zinaoana, maana fundi wako amekuonyesha duara la rangi kwenye simu, zile mbili zimekaa zikitazamana, na sasa anataka kuipaka sebule kijani kibichi nyuma ya sofa zako za damu ya mzee. Ni kweli, rangi zinazotazamana hukuzana, kila moja humfanya mwenzake aonekane amekolea zaidi. Lakini tangu harusi ya mama yako mdogo, mtu akiniuliza rangi gani inaoana na ipi, namuuliza kwanza: umeziona wapi, na jirani yake nani?

Ulikuwa darasa la pili, najua unachokumbuka ni keki. Sare za akina mama wa upande wetu nilizishona mimi, gauni ishirini na mbili. Jora likaisha zimebaki tisa. Nikakimbilia duka jingine, magharibi imeshaadhiniwa, kipande mkononi, nikalinganisha chini ya taa ya tyubu. Damu ya mzee kwa damu ya mzee. Hata uzi uleule ulizama kwenye vitambaa vyote viwili usionekane. Nilishona mpaka alfajiri kwa furaha. Saa nne asubuhi tukatoka uani, jua likatupiga, nikaona gauni kumi na tatu zimekuwa kahawia na tisa zimeingia zambarau. Shangazi mmoja wa bwana harusi akauliza kwa sauti, “Kumbe wamekuja koo mbili?” Mama yako mdogo hakusema neno. Hajasema mpaka leo, na ile picha iliyotundikwa kwa bibi yako mimi huipita nikiangalia chini.

Baba yako husema hakuna aliyeona. Labda. La, waliona. Lakini kosa halikuwa la jicho langu. Mwanga wa tyubu hauna rangi zote za jua kwa kipimo sawa, kwa hiyo vitambaa viwili vilivyotiwa dawa mbalimbali vinaweza kufanana dukani, na vikitoka juani vikakanana. Ningekitoa kile kitambaa nje mchana, nisingeaibika. Lakini mchana ningeupata wapi, na harusi ni kesho yake?

Hilo la mwanga. La jirani nimewasimulia tangu mko wadogo, yule Chevreul, mkemia Mfaransa aliyepewa usimamizi wa kutia rangi nyuzi katika karakana ya Gobelins, Paris, mwaka 1824. Watu walilalamika kwamba uzi wake mweusi umefifia. Akaupima, akaona mweusi ni mweusi barabara, ila umefumwa pembeni ya buluu na urujuani, na hao majirani ndio waliouharibia sura. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Nilipokuwa nafundisha ushoni niliwaambia wanafunzi kila muhula: usiiulize rangi, muulize jirani yake.

Sasa fanya hivi. Kaa karibu na sofa, ukazie macho mto mmoja, hesabu mpaka thelathini bila kuyahamisha, kisha tazama ukuta wako mweupe. Utaona doa la kijani kinachoelekea buluu, limeelea pale. Hakuna aliyelipaka, limetoka jichoni mwako. Maana yake, mwanangu, ukuta mweupe nyuma ya sofa hizo tayari umeshapata kijani chake. Ukiongeza ndoo ya kijani kibichi juu ya hicho... Basi. Sitaki kukuamulia.

Na si kwamba nakichukia kijani. Utazame huo mpilipili wako: majani tele, nyekundu punje punje, na jicho halichoki. Kwako ukuta ni mkubwa na sofa ni kubwa, zote mbili zimekolea, hakuna aliye punje. Pengine kijani kilichopoa, cha jani la mgomba lililoanza kukauka, kingefaa. Pengine. Ila hata hicho usikichague dukani.

Bibi yako hakujua duara lolote, lakini kisutu chake, ile kanga yake, nimekishika sasa hivi nikiandika. Nyekundu, nyeusi, nyeupe. Nyeupe ni vidoa vidogo kama punje za mchele, ndizo zinazoitakasa ile nyekundu, na nyeusi inaishika isimwagike. Rangi hizo tatu tu ndizo Kiswahili hakikuzitafutia jina kwenye kitu kingine wala kuliazima kwa lugha nyingine. Kijani kilitoka kwenye jani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda. Na damu ya mzee ni nyekundu ya siku nyingi tu.

Chukua kipande cha silingi bodi, kikubwa kama mlango wa kabati, mwambie fundi akipake hicho kijani chake. Kiegemeze nyuma ya sofa, ukitazame asubuhi, saa nane mchana, na usiku taa zikiwaka, siku mbili tatu. Kisha unipigie. Jibu langu ninalo, hapa nimeshaliandika mara mbili nikalifuta.

Kisutu nakuletea kwa basi la Jumamosi. Kitandike kwenye sofa kabla fundi hajafungua ndoo.

Mama yako