Kutembea kando ya ziwa na mwenye goti bovu

Dada, umeuliza mtembee wapi polepole kando ya ziwa mwezi huu wa Julai, maana goti la rafiki yako bado linamsumbua. Nendeni Entebbe, kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898. Inateremka hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria, na kivuli cha miti ni tele. Mkienda asubuhi bebeni sweta. Hatuna baridi ya Ulaya, lakini upepo wa ziwani nao una meno. Mwendo apange yeye, wewe fuata tu. Ndizi zifiche, tumbili wa pale hawana haya! Majini msitie miguu, kichocho kipo. Na msishuke mpaka chini kabisa akiwa amechoka: kurudi ni kupanda.