Kabla hujanunua beringi nyingine, pima nyundo

Msimu wa korosho ukipamba moto na hela zikawa mfukoni, huku Masasi simu zangu nyingi ni za wenye mashine za kusaga. Maneno ni yaleyale: "Fundi, inatetemeka, njoo na beringi." Zamani nilikuwa nakwenda nazo kweli.

Kuna mama mmoja njia ya Ndanda, anasaga makopa na mahindi. Nilimbadilishia beringi mara tatu ndani ya miezi miwili. Mara ya tatu hata hakugomba. Aliniwekea chai, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hizi beringi zako zinaliwa na nini?"

Nilikosa jibu. Nikafungua tena, na safari hii nikatazama nyundo, vile vyuma bapa vinavyozunguka ndani na kuponda nafaka, badala ya shafti. Moja ilikuwa mpya, pembe zake kali, katikati ya nyingine zilizolika hadi zikawa mviringo. Kumbe moja ilivunjika, kijana wake akanunua moja, akaipachika. Nikazichomoa zote, nikazipeleka duka la jirani lenye mizani ya dijitali. Mwenye duka akacheka: "Fundi, leo unauza chuma chakavu?" Za zamani zilicheza kwenye gramu 310. Mpya ilikuwa 360.

Gramu 50 ni yai la kuku. Lakini yai hilo likiwa sentimita 20 kutoka katikati ya shafti, na mashine inazunguka mara 3,000 kwa dakika, linavuta kwa nguvu ya kama kilo 100, upande huu na upande ule, mara 50 kila sekunde. Ni sawa na gunia la mahindi linaloning'inia kwenye beringi na kugeuka nalo. Na ukibadilisha puli ili mashine ikimbie mara mbili, nguvu hiyo haiwi mara mbili, inakuwa mara nne.

Huwa nawaza ile injini ya ndege ya Gnome ya Wafaransa, ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia: silinda zote saba zilizunguka pamoja na propela, krankshafti ndiyo iliyofungwa kwenye ndege ikatulia. Hebu fikiria silinda moja izidi wenzake uzito ukiwa angani. Sisi angalau tuko chini, tunaweza kuzima.

Basi, zima na uchomoe fyuzi kabla hujafungua chochote. Anza na usafi. Wakati wa masika makopa hayakauki vizuri, unga mbichi unaganda upande mmoja wa sahani, zile duara za chuma kwenye shafti zinazoshika nyundo kwa pini, na kuleta mtetemo uleule. Nimewahi kumaliza kazi kwa bisibisi na brashi tu, nikaona aibu kudai hela.

Kisha pima nyundo moja moja, andika gramu kwa chaki juu yake. Zinazolingana zikae zikitazamana, pini hii na pini ya upande wa pili, nafasi ileile. Moja ikivunjika na huna seti, toa na mwenzake wa upande wa pili. Utasaga polepole, lakini utasaga. Ukigeuza nyundo zitumie upande ambao bado una makali, geuza zote siku moja.

Bado inatetemeka? Toa shafti na sahani zake, uilaze juu ya vyuma viwili vilivyonyooka, ulivyovipima kwa pima maji. Iache ijiviringishe. Upande mzito utashuka chini. Weka alama, rudia mara tatu nne. Alama ikishuka palepale kila mara, punguza hapo kwa grenda, kidogo kidogo. Usichomelee nati upande wa pili kwa haraka, niliwahi kuona moja imechomoka na kutoboa bati la paa.

Rota ndefu, yaani shafti na sahani zake, ina ujanja wake: inaweza kutulia kabisa juu ya vyuma, ikizunguka ikayumba, kwa kuwa uzito umezidi kushoto ncha hii na kulia ncha ile. Hiyo usiibahatishe kwa grenda. Ipeleke kwenye karakana yenye mashine ya kubalansi, hata kama ni Dar.

Siku ya kuwasha, simama ubavuni kwa upande wa puli wenye kava, si mbele ya sahani. Mama wa Ndanda mimi na yeye tulisimama nyuma ya mwembe.